Leso Iliyoanguka River Road

“Usinidanganye tena, Naliaka! Yule mama ni nani?”

“Nimekwambia simjui.”

“Humjui?”

“Ni mama wa muhogo tu. Wako wengi hapa River Road.”

“Haya, mama wa muhogo tu. Basi kwa nini aliponiona alinipa mgongo? Wateja wote anawapa muhogo mkononi, mimi akaniwekea juu ya kifuniko cha sufuria. Na leso ilipoanguka, kwa nini alichuchumaa nyuma ya mkokoteni akajifunika uso kwa viganja, kama… kama…”

“Kama nani?”

“Kama mama yangu anavyofanya bwana wa dada yangu akitokea uani!”

Walikuwa wamesimama kwenye baraza ya duka la vyombo, Naliaka na mchumba wake Lazarus Sifuna, na mwenye duka alikuwa ameacha kufunga milango ili awasikilize vizuri. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na nane, jua bado linamulika mabati ya upande wa pili. Naliaka alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya mwanafunzi wa uuguzi. Alitoka zamu kule hospitali ya mlimani saa kumi na moja, akaja mjini bila kubadilisha nguo. Kusema kweli, alipenda kuonekana nayo.

Jioni ilikuwa imeanza kwa mchezo. Lazarus, karani wa afisi moja ya bima, alikuwa na kidaftari na penseli kama kawaida yake, akasema leo wataonja vyakula vya mikokoteni yote na kuipa alama kama walimu.

Mahindi ya kuchoma ya mzee Dalmas, penye kituo cha basi, yalipata sita kwa kumi.

“Sita? Wewe mtoto, umekula mahindi mawili!” Dalmas alilalamika.

“Ndiyo maana ni sita, mzee. Ningekula moja, ingekuwa nne.”

Mishikaki ya jirani yake ilipata saba. Naliaka alicheka mpaka kofia yake ikaenda upande. Lakini walipokata kona kuingia River Road, kicheko kilikauka.

“Turudi sasa, Sifuna. Bweni wanafunga.”

“Wanafunga saa mbili. Sasa hata saa kumi na mbili haijafika. Husikii harufu hiyo? Huo ni muhogo, na mwenye kuukaanga anajua kazi.”

Akamshika mkono akamvuta.

Mkokoteni ulikuwa wa kijani, karai la mafuta likichemka juu ya jiko. Nyuma yake alisimama mwanamke mnene kidogo, leso mabegani, akikata muhogo bila kuangalia kisu. Wateja walikuwa wamejaa, na kati yao alikuwa Virginia Wanjugu, msichana wa Mutuini anayelala kitanda cha pili chumbani kwa Naliaka. Kila Jumamosi Virginia alikula hapo. Mara nyingine alikuja na Naliaka, na mwanamke yule humwambia Naliaka “Karibu, sista,” akamfungia muhogo kama anavyowafungia wengine, wala macho yao hayakukutana.

Mwanamke huyo, Nakhumicha, aliinua uso. Alimwona Naliaka, akamwona kijana, akaona vidole vya Naliaka vimepita kwenye kiwiko cha kijana. Hapohapo akavuta leso hadi kichwani na kugeuka.

Kwao Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Hakuna chuki hapo. Ndiyo heshima yenyewe, na haingoji ng’ombe wa mahari wafike. Inaanza siku mama anapotambua kwamba huyu kijana anamtaka binti yake.

Lazarus hakujua kwa nini amepewa mgongo. Alikula, akalamba vidole, akaomba tena.

“Mama, muhogo wako ni tisa kwa kumi! Kumi nimekunyima kwa sababu unanipa mgongo. Mimi nina ukoma?”

Watu wakacheka. Virginia alicheka kuliko wote.

“Hebu tuone uso wa mpishi, tumpongeze!”

Akanyoosha mkono uleule wenye mafuta, akavuta leso. Ikaanguka chini, penye maganda na majivu. Nakhumicha akachuchumaa upesi, akaficha uso.

Naliaka alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Mdomo ulifunguka. Kisha akamwona Virginia anamtazama, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Ndipo Lazarus alipoacha kucheka, akamvuta hadi barazani pa duka hili.

“Ninakuuliza mara ya mwisho,” alisema sasa, sauti imeshuka. “Yule ni nani wako?”

Naliaka alitazama viatu vyake vyeupe. Kimoja kilikuwa na tone la mafuta.

“Ni mama yangu.”

“Mama yako gani? Mama mdogo?”

“Aliyenizaa.”

Lazarus akaketi kwenye ngazi ya duka.

“Mungu wangu. Nimemvua leso mama mkwe. Barabarani. Kwa mkono wenye mafuta.”

“Sifuna…”

“Nimekula mbele yake, nimelamba vidole mbele yake, nimemuuliza kama nina ukoma! Mjomba wangu aligusana kidole tu na mama mkwe wake wakipokezana jembe, akapeleka blanketi na kondoo. Mimi nitapeleka nini? Zizi zima?”

“Kosa si lako.”

“Najua si langu! Wewe ulikuwa wapi? Neno moja tu, Naliaka. ‘Sifuna, acha.’ Ningeacha. Ulisimama pale unatazama kama mpita njia.”

“Nilitaka kusema.”

“Ulitaka!” Akainuka tena. “Uliniambia mama yako yuko Kimilili, bibi ya mwalimu wa kanisa. Jumamosi ijayo wazee wangu wanapanda gari moshi kwenda kumsalimia. Wangemkuta nani?”

Naliaka angeweza kutunga uongo mwingine. Alikuwa nao, tayari tayari. Lakini alichoka ghafla, akafungua mkoba na kumpa barua iliyokunjwa mara nne. Lazarus akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaisoma kwa sauti.

“‘Mtoto wa ndugu yangu, salamu. Nimekubali kukaa kwenye kiti cha mama yako siku wageni watakapokuja. Nitavaa gauni la kanisa. Lakini naogopa, maana mama yako hajafa. Wakiniuliza nilikuzaa mwaka gani nitajibu nini? Tafadhali niandikie hayo majibu kwa herufi kubwa. Shangazi yako, Selpher.’”

Mwenye duka akakohoa na kujifanya anatafuta funguo.

“Herufi kubwa,” Lazarus alisema. “Mngenipa mama wa kukodi. Ningemheshimu shangazi maisha yangu yote, nikimkimbia mashambani, na mama mwenyewe nampita hapa River Road nikimdai pilipili. Nilikukosea nini, Naliaka?”

“Unataka kujua?”

“Nataka.”

“Philister.”

“Philister nani?”

“Umeshamsahau! Yule wa uji, aliyekuwa anauza karibu na soko. Mwezi wa tatu ulikuja kunichukua bwenini unacheka. Ukaniambia chama chenu cha watu wa nyumbani kimempandisha gari moshi na sufuria zake, arudi kwao, kwa sababu mwanamke anayekaa mjini bila mume anaharibu jina letu. Wewe ndiye mwandishi wa chama. Barua ya kumwondoa uliiandika wewe.”

“Iliamuliwa na mkutano.”

“Mkono ulikuwa wako. Ulinisomea mstari mmoja, ukaniuliza kama Kiswahili chake ni kizuri. Nikasema ni kizuri! Baba alikuwa mwalimu wa kanisa kweli, Sifuna, hapo sikudanganya. Alikufa nikiwa darasa la nne. Ndugu zake wakagawana ng’ombe, halafu wakataka kumrithi na mama. Akakataa. Akaja hapa na karai lile. Shule yangu yote imetoka kwenye karai lile. Ningekuambiaje? Ungemwita mama yangu nini kwenye mkutano wenu?”

Lazarus alitoa kile kidaftari mfukoni, akakifungua, akakitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma kurasa mbili. Kisha akamkabidhi bila kumtazama usoni.

“Soma.”

Ukurasa wa kulia ulikuwa wa jioni ile. Mahindi, sita. Mishikaki, saba. Muhogo, mkokoteni wa kijani, tisa.

Ukurasa wa kushoto uliandikwa kwa mwandiko uleule, wiki mbili nyuma. Wanawake wa kuchunguzwa. Wa tatu katika orodha: muuza muhogo, mkokoteni wa kijani, River Road. Mtu wa kwetu. Hana mume. Mkutano wa Jumapili uamue.

“Jumapili gani?” Naliaka aliuliza.

“Kesho.”

“Ungempandisha gari moshi kesho?”

“Sikuwahi kumwona! Mtu alilalamika, nikaandika. Kazi yangu ni kuandika.” Akajisikia akisema hivyo. Akasema polepole, “Nimempa tisa kwa kumi. Angeenda nyumbani na tisa yake.”

Hapo Naliaka angeweza kumtupia mzigo wote, na wewe unayesoma ungemsamehe. Alikuwa na haki nusu. Lakini ile nusu nyingine ya kosa ilikuwa yake.

“Nisikusingizie wewe peke yako,” alisema. “Kabla sijakujua nilikuwa nimeshaanza. Siku ya kwanza kuvaa sare hii nilipita hapa na wasichana wenzangu, mama akaniona, akatabasamu. Mimi nikatazama chini. Akaelewa. Tangu siku hiyo ananiita sista. Jumapili naenda chumbani kwake kule Kawangware, namfulia nguo, tunacheka kama kawaida, na hajanitajia jambo hilo hata mara moja. Hajawahi kunikosea. Nilimwonea aibu tu, basi. Na leo ulipomvua leso nilichoogopa ni Virginia asijue.”

“Sasa?”

“Sasa aibu yenyewe imenigeukia. Sijui niiweke wapi.”

Alivua kofia, akaiangalia, akairudisha kichwani na kuifunga vizuri. Akageuka.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa mama.”

“Virginia bado yuko pale. Na wale wenzenu wawili wa wodi ya watoto wamefika, nawaona.”

“Ndiyo maana naenda sasa, kabla hawajaondoka. Na wewe?”

“Mimi siwezi kumkaribia, unajua.” Akachukua tena kidaftari chake, akararua ukurasa wa kushoto kwa uangalifu, kama anavyorarua risiti. “Mpe hii. Aone mwenyewe nilichoandika, asikie kwangu na si kwa mwingine. Mwambie nitasimama mbali, na nitasimama mpaka aniruhusu kuondoka. Ngoja!”

Akampigia kelele mwenye duka, ambaye hakuhitaji kupigiwa kelele.

“Bwana, leso unazo?”

“Mimi nauza sufuria. Jirani anauza leso. Lakini nyinyi bwana, muda wote huu mimi nataka kufunga na siwezi, maana sijui mwisho.”

“Mpeleke huyu bwana kwa jirani yako,” Naliaka alisema, “na mwisho utauona kutoka hapohapo.”

Dakika tano baadaye Naliaka alivuka barabara na leso mpya, nyekundu na nyeupe, kwapani. Nakhumicha alikuwa ameshasimama, anageuza muhogo kwenye mafuta. Leso ya zamani ilikuwa begani, ina majivu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, jambo lililomwumiza Naliaka kuliko kama angelia.

“Karibu, sista,” alisema. “Unataka wa pilipili?”

Virginia akamsogelea. “Wewe! Bwana wako amepatwa na nini? Amemchezea mama wa watu halafu anakimbia…”

“Virginia, nyamaza kidogo.” Kisha Naliaka akasema kwa sauti ambayo hata mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu upande wa pili aliisikia, “Mayi!”

Hivyo ndivyo Wabukusu wanavyomwita mama. Nakhumicha aliacha kijiko kwenye mafuta.

“Unamwita nani?”

“Wewe.”

“Mimi nina binti mmoja. Nusu saa iliyopita alikuwa hapa na hakunijua.”

“Ni mimi, Mama. Nilikujua. Nilikujua siku zote.” Akaanza kupiga magoti.

“Simama! Hapo kuna mafuta. Unajua kutoa mafuta kwenye kitambaa cheupe? Sare si yako, ni ya serikali.”

Naliaka akabaki nusu amepiga magoti, nusu amesimama, machozi yanateremka. Wasichana wa wodi ya watoto walishikana mikono. Virginia alimtazama Naliaka, akamtazama mama, akatazama muhogo mkononi mwake.

“Kwa hivyo,” alisema polepole, “miezi sita nakula muhogo wa mama yako, tunalala chumba kimoja, na hujawahi kusema nipewe nyongeza?”

“Virginia, nisamehe.”

“Mimi sitaki kusamehe, nataka nyongeza. Mama yangu kule Mutuini anauza kabeji njiani miguu mitupu, ulifikiri nitakucheka?” Kisha akaongeza, bila mzaha, “Lakini nimecheka leso ilipoanguka. Mama, nami nisamehe.”

Nakhumicha alikuwa anamwangalia binti yake.

“Yule kijana ni wa nani?”

“Wa akina Sifuna. Ndiye aliyetaka kuleta wazee. Hakukujua, Mama. Mimi ndiye niliyemficha ukweli. Ametuma hii.” Akatoa leso mpya. “Na hii.” Akatoa karatasi.

Bibi ya mwalimu wa kanisa alijua kusoma. Alisogeza karatasi kwenye moto wa jiko.

“Muuza muhogo. Mkokoteni wa kijani. Hana mume.” Akatikisa kichwa. “Hajakosea. Rangi ni kijani, na mume sina. Mwandiko mzuri. Huyu ndiye anayepandisha watu gari moshi?”

“Ndiye, Mama.”

“Na ndiye unayemtaka?”

Naliaka alitazama ng’ambo ya barabara. Lazarus alikuwa amesimama chini ya nguzo ya taa, uso ameuelekeza ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwenye duka la sufuria alikuwa kando yake, akimweleza yanayoendelea.

“Ndiye. Lakini kama hutaki, namwambia sasa hivi aende.”

Nakhumicha akachota vipande vitano vya muhogo, vile vilivyoiva kwa nje na laini ndani, akavipanga juu ya ile orodha, akanyunyiza pilipili juu ya maneno “hana mume”, akaikunja.

“Mpelekee. Mwambie karatasi yake ni ndogo, haitoshi watu wawili. Kama anazo nyingine za namna hiyo azilete zote, hapa natumia nyingi kufungia muhogo. Na kesho kwenye mkutano wake aseme zilikoenda.”

Naliaka akavuka mbio, akarudi mbio.

“Anasema zipo kurasa saba, Mama. Amezirarua zote. Kesho atawaambia yeye mwenyewe, na kama hawatasikia, watafute mwandishi mwingine. Na anauliza ale wapi?”

“Ale hapohapo alipo. Anipe mgongo. Mimi nimempa wangu vya kutosha.”

Lazarus akala akitazama ukuta. Alikula vipande vyote, na hakulamba vidole.

Nakhumicha alijifunga leso mpya, akaikung’uta ya zamani na kumfunga Naliaka kiunoni, juu ya ile sare, mafundo mawili.

“Wazee wake wasiende Kimilili. Shangazi yako ataaibika bure na gauni lake la kanisa. Waje Kawangware. Viti vipo viwili, waje na vyao. Sasa wacha maneno, jua limezama, nataka kuuegesha mkokoteni kule uani kwa fundi mbao. Shika huo mkono wa kushoto. Usisukume kwa mgongo, sukuma kwa miguu.”

Virginia akabeba ndoo bila kuombwa. Mkokoteni ukaondoka, gurudumu moja linalia, moja kwa moja katikati ya River Road penye watu wengi, mama kulia, muuguzi kushoto. Mbele yao, hatua arobaini hivi, Lazarus Sifuna alitembea bila kugeuka hata mara moja, mikono ameipanua, akiwasogeza wapita njia.

“Pisheni! Pisheni njia, mama anapita!”